Kusafisha na kutunza vyungu na vyombo vya kauri vya kuokea

Mwongozo huu unahusu vyombo vya udongo vinavyokutana na moto jikoni: chungu cha mchuzi na maharage, kaango, mkungu wa kufunikia, jiwe bapa la kuokea mikate, pamoja na trei na mabakuli mazito ya kauri yanayouzwa madukani kwa ajili ya oveni. Vyote vimetokana na udongo uliochomwa, lakini haviwezi kuoshwa kwa namna moja, na makosa mengi hutokana na kukichukulia kimoja kama kingine. Mtu huosha chungu kwa sabuni nyingi kwa sababu ndivyo anavyoosha sufuria, kisha mchuzi wa kesho yake ukawa na ladha ya sabuni. Mwingine huogopa kutia sabuni kwenye trei inayong'aa kwa sababu amesikia kwamba udongo hautaki sabuni, akabaki na chombo kinachonata mafuta. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kugusa maji, ni kukijua chombo chenyewe.

Kukijua chombo kabla ya kukiosha

Kigeuze utazame kitako chake. Chungu cha kawaida, kama vile vinavyofinyangwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe na kuuzwa katika soko la Matema kando ya Ziwa Nyasa, kimebaki udongo mtupu ndani na nje, hata pale kilipong'arishwa kwa kusuguliwa kabla ya kuchomwa. Vyungu vya asili huchomwa kwa moto wa wazi wa kuni na majani, ambao kwa kawaida hauzidi sana nyuzi 900 za Selsiasi. Kwa joto hilo udongo hushikana bila kuyeyuka, ukabaki na vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Kauri ngumu huchomwa katika tanuri kwa nyuzi 1,200 hadi 1,300, na hapo sehemu ya udongo huyeyuka na kuziba vitundu hivyo, ndiyo maana hunywa maji kidogo sana na hutoa mlio mkali ikigongwa. Juu yake mara nyingi hupakwa glezi, yaani ngozi nyembamba ya kioo, ambayo ndiyo inayoipa trei mng'ao wake.

Kupima ni rahisi. Dondosha tone la maji kwenye sehemu isiyong'aa, kisha subiri dakika moja. Tone likinywewa na kuacha doa, chombo kina vitundu, na chochote utakachokitia, iwe ni maji, mafuta, sabuni au supu, kitaingia mwilini mwake. Tone likibaki juu bila kupungua, udongo wake umefunga. Fanya jaribio hilo pia kwenye ukingo wa chini wa trei yenye glezi, ule unaokaa juu ya meza. Ukingo huo huachwa bila glezi ili chombo kisigandamane na rafu ya tanuri wakati wa kuchomwa, na mara nyingi ndio mlango wa maji. Trei inayoonekana kavu kabisa inaweza kuwa imekunywa maji kwa kitakoni, na ukiitia kwenye maikrowevu utakuta yenyewe imepata moto kuliko chakula kilichomo.

Kuanzia hapa, vyombo vinagawanyika. Chenye glezi nzima huoshwa kwa sabuni. Kisicho na glezi husafishwa kwa maji ya moto, kusugua na joto, bila sabuni. Chenye glezi iliyopasuka kwa utando wa nyufa nyembamba kinahitaji tahadhari ya peke yake, nami nitakieleza mbele.

Kuna chombo kimoja ambacho hakipaswi kufika kwenye beseni la kuoshea kabisa: chungu au bakuli la udongo laini lenye glezi ya kung'aa sana ambalo hujui limetengenezwa wapi wala kwa dawa gani, hasa la zamani au lililonunuliwa kama pambo. Glezi za joto dogo zimekuwa zikitengenezwa kwa madini ya risasi tangu zamani katika nchi nyingi, na risasi hiyo hutoka kidogo kidogo ikikutana na chakula chenye uchachu, kama vile mchuzi wa ukwaju, nyanya, ndimu au siki. Haina harufu, haionekani, haiondoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara, watoto wakiwa ndio wanaoumia zaidi. Vivyo hivyo, chungu cha maua kilichopakwa rangi ya mafuta au vanishi kibaki kuwa cha maua. Chungu kisicho na glezi yoyote, kilichofinyangwa kwa ajili ya kupikia, hakina tatizo hili la glezi, na katika hili kinaishinda bakuli ya kung'aa isiyojulikana asili yake.

Kukiandaa chombo kipya

Ukiwa bado sokoni, ninginiza chungu kwa vidole kwenye mdomo wake na ukigonge kwa ukucha. Kizima hulia, chenye ufa, hata ufa usioonekana, hutoa sauti iliyokufa. Angalia pia kama ndani kuna mchanga unaopukutika ukipitisha kiganja, kwa sababu mchanga huo utaishia kwenye maharage.

Nyumbani, futa vumbi kwa brashi kavu, suuza, kisha uzamishe chungu chote katika maji safi usiku kucha. Kikiwa kipya kitatoa vipovu vidogo vya hewa kwa muda mrefu, na vipovu hivyo vikikoma ujue vitundu vimejaa. Kitoe kichuruzike kwa saa chache kivulini. Baada ya hapo kijaze maji hadi robo tatu, utie unga wa mahindi au wa mchele uliokorogwa kwa maji baridi, kiasi cha kupata uji mwepesi, na ukiweke juu ya makaa machache yaliyofunikwa majivu. Moto uongezwe polepole. Uji ukishaanza kuchemka, uache kwa muda usiopungua nusu saa, epua, na uuache upoe ndani ya chungu chenyewe. Wanga ukipata joto la nyuzi 60 hadi 75 huvimba na kuwa gundi, na gundi hiyo ndiyo inayoziba vitundu ili mchuzi usichuruzike nje. Uji huo humwagwa, hauliwi.

Kaango na vyombo vya kuchomea huandaliwa kwa mafuta. Kikiwa kikavu kabisa, kipake ndani safu nyembamba ya mafuta ya alizeti kwa kitambaa, ufute kana kwamba umejuta kupaka, kisha ukipashe moto kwa upole hadi mafuta yakauke na kuwa utando mgumu wa kahawia. Rudia mara mbili au tatu. Wengi wa pwani hushika kwanza mafuta ya nazi, ambayo kwa kupikia hayana mfano, lakini kwa kazi hii hayafai: mafuta ya nazi hayakauki yakawa utando mgumu kama yanavyofanya ya alizeti, na mafuta yanayobaki majimaji ndani ya udongo mwisho wake ni kuchacha. Machicha ya nazi yanaweza kutumika kusugulia chungu kipya, mradi yakaangwe humo humo hadi yawe ya kahawia na makavu, kisha yatolewe yote.

Jiwe bapa la kuokea mikate lisipakwe mafuta kamwe. Litafuka moshi kila oveni inapowashwa, na unga wa mkate wenyewe ndio utakaolitunza. Kwa upande mwingine, mtungi wa maji ya kunywa usitiwe mafuta wala wanga, kwa kuwa ubaridi wake hutokana na maji yanayopenya vitundu na kukauka kwa nje. Ukivifunga vitundu hivyo, unabaki na ndoo nzito.

Kuosha chombo kisicho na glezi baada ya kila pishi

Acha chungu kipoe chenyewe hadi uweze kukishika kwa mikono mitupu. Wakati kinapoa, pasha maji ya kukioshea, kwa sababu maji baridi juu ya udongo wenye joto ndiyo yanayoua vyungu vingi kuliko kuanguka.

Kwanza ondoa mabaki yote kwa mwiko wa mbao au kipande cha kifuu cha nazi. Ukikwaruza chungu kikiwa bado kina uvuguvugu, mafuta huwa hayajashika. Kisha mimina maji ya moto hadi juu kidogo ya usawa wa chakula, uache kwa dakika 15 hadi 20, na usugue kwa dodoki au kwa brashi ya nyuzi ngumu. Maji ya kwanza yamwage. Yatakuwa na mafuta yanayoelea. Rudia kwa maji mengine ya moto hadi yatoke meupe. Chungu kisilale na maji hata kama kuna ukoko mgumu, kwa maana maji hayo ni supu nyepesi, na kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyoingia ndani ya udongo yakiwa yamebeba chakula cha vijidudu.

Ukoko wa wali uliogandamana, ambao hakuna mtoto aliyeumaliza, hutolewa kwa kuchemsha. Tia maji yaufunike, ongeza kijiko kimoja cha mezani cha bikaboneti ya soda, ile ya kuokea, kwa kila lita moja, na uchemshe kwa moto mdogo kwa robo saa. Ukoko utabanduka kwa vipande. Magadi ya mawe, yale yanayochimbwa Ziwa Magadi kwa mfano, ni makali zaidi ya bikaboneti, kwa hiyo yakitumika yawe kidogo sana na chombo kisuuzwe mara nyingi zaidi. Chumvi ya mawe nayo ni nzuri kwa kusugulia kaango: hukwaruza bila kuacha kitu kisicholiwa.

Waya wa kusugulia sufuria usitumike ndani. Huchimba utando uliojengeka kwa miezi na kuacha mikwaruzo ambamo mafuta hujificha, tena vipande vyake hukatika na kubaki. Makumbi na majivu, ambayo wengi wetu tumelelewa tukiona yakitakatisha masufuria, yana nafasi yake kwa nje, pale penye masizi, mradi majivu yawe ya kuni safi na si ya jiko lililochomwa plastiki. Ndani ya chungu sitayatia, na mchanga wa uani zaidi, kwa kuwa hakuna ajuaye kuku wamepita wapi.

Kuhusu sabuni, sababu ya kuikataa ni kwamba huingia kwenye vitundu pamoja na maji na hairudi yote unaposuuza. Hungoja joto la pishi lijalo ndipo itoke. Anayeuliza kama chombo kisichoguswa na sabuni kinaweza kuitwa kisafi anauliza swali la haki. Jibu ni kwamba maji yanayochemka huua bakteria walio hai wanaosababisha magonjwa ya chakula, na chungu huchemshwa kila kinapopika. Kinachobaki ni mbegu ngumu za baadhi ya bakteria, kama Bacillus cereus anayependa wali, ambazo hustahimili kuchemshwa na ambazo sabuni ya sinki haingeziua pia. Mbegu hizo haziwezi kuota pasipo unyevu, ndiyo maana hatua ya kukausha ni sehemu ya kuosha yenyewe, na ni sehemu kubwa kuliko kusugua.

Kukausha

Futa chombo kwa kitambaa safi, kisha ukilaze ubavu juu ya vijiti viwili au juu ya rafu ya waya ili hewa izunguke ndani na chini. Ukikifudikiza moja kwa moja juu ya meza, mdomo wote umezibwa, na mvuke hauna pa kutokea. Jua la mchana linafaa, kwa saa kadhaa, lakini kipande kizito au kauri isiyo na glezi huhitaji siku nzima. Katika miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, jua la pwani halitoshi, na hapo tumia joto la jiko: weka chungu kitupu kando ya makaa yanayozimika, si juu yake, au kitie katika oveni ambayo bado ni baridi, uiwashe kwa nyuzi 120 kwa muda wa saa moja, uizime na ukiache humo hadi asubuhi.

Ukavu hautambuliki kwa macho. Weka mgongo wa mkono wako kwenye kitako cha chungu kilichokaa kivulini: ukihisi ubaridi kuliko meza iliyo karibu, maji bado yanatoka. Mwenye mizani ya jikoni anaweza kukipima chombo mara moja kikiwa kikavu kabisa na kuandika uzito huo kwa penseli kwenye kitako. Tangu siku hiyo hatabahatisha. Haya si mambo ya usafi peke yake. Maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya awali, na chungu chenye unyevu kikiwekwa ghafla juu ya moto mkali, mvuke huo hutafuta njia kwa kuubandua udongo vipande.

Kuosha kauri yenye glezi

Huku kazi ni nyepesi. Chombo kikishapoa, kiloweke kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo, usugue kwa upande laini wa sponji, suuza na ukaushe, ukiangalia ule ukingo wa chini usio na glezi. Sponji yenyewe ibadilishwe mara kwa mara na ikaushwe baada ya kazi. Mara nyingi ndiyo chafu kuliko trei. Mashine ya kuoshea vyombo haina madhara kwa kauri nyingi ngumu, lakini soma maandishi yaliyo chini ya chombo kwanza.

Mafuta yaliyoungulia kwenye pembe hupakwa uji mzito wa bikaboneti na maji, yakafunikwa kwa kitambaa kilicholoweshwa, na kuachwa usiku mzima, jambo ambalo kwenye glezi nzima halina hatari. Siki ni ya kazi nyingine, yaani kuondoa ukungu mweupe unaoachwa na maji ya chumvichumvi. Mtindo wa kuchanganya siki na bikaboneti kwa pamoja hupendwa kwa ajili ya povu lake, lakini viwili hivyo huuana, na baada ya povu kuisha umebaki na maji yasiyo na nguvu ya maana. Mistari ya kijivu kama ya penseli ndani ya bakuli huwa ni chuma kilichosuguka kutoka kwenye vijiko, si mikwaruzo, nayo hutoka kwa uji huohuo wa bikaboneti.

Weusi na uchafu ni mambo mawili. Pitisha kidole: utando mweusi ulio mkavu na mlaini ni mafuta yaliyokwisha kukauka, hayana ubaya. Utando unaonata, au unaoacha rangi kwenye kidole, ni mafuta mabichi yanayokusanya vumbi na kuchacha, na huo ndio wa kuondolewa. Kanuni hii inahusu kaango la udongo na trei ya kauri sawasawa.

Glezi ikishafanya utando wa nyufa nyembamba zinazopokea rangi ya chai au manjano, chombo hicho hakifungi tena. Kinaweza kuendelea kuokea mkate au viazi, lakini nimekiondoa katika orodha ya vyombo vya nyama, samaki na mayai, na ndivyo ninavyoshauri.

Dawa ya kung'arisha nguo, ambayo wengi huiita jiki, isitumike kwenye udongo usio na glezi wala kwenye glezi yenye nyufa, kwa kuwa itaingia kama sabuni inavyoingia. Zaidi ya hayo, isikutane na siki au ndimu popote pale, hata ndani ya sinki, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Nyama mbichi, na habari ya kiporo

Kuku au samaki asilowekwe viungo ndani ya chungu kisicho na glezi. Maji ya nyama mbichi yataingia kwenye kuta, pamoja na vijidudu vyake, katika saa zile ambazo hakuna moto wa kuviua. Tumia bakuli la kioo au la chuma, kisha uhamishie chunguni wakati wa kupika. Mwiko uliogusa kibichi uoshwe kabla haujarudi kwenye kilichoiva.

Chungu hutunza joto muda mrefu baada ya kuepuliwa, na sifa hiyo ndiyo hatari yake. Maharage yaliyobaki yakiachwa humo usiku hupoa polepole mno, yakipita kwa saa nyingi kati ya nyuzi 60 na nyuzi 5, ambako bakteria huzaana kwa raha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo kiporo cha wali, ambacho asubuhi na chai hakina mshindani, kihamishwe usiku uleule kwenye chombo kipana chenye kifuniko na kuingizwa kwenye friji, kisha kipashwe hadi kitoe mvuke kote, yaani zaidi ya nyuzi 70 katikati.

Pia, udongo wenye vitundu hukumbuka chakula. Nyumba yenye mtu anayedhurika na karanga, samaki au kamba iwe na chungu chake cha peke yake, kwa kuwa kuosha hakutoshi kukiondolea chungu cha zamani mabaki hayo.

Moto usiovunja

Chungu cha kufinyanga hustahimili makaa kwa sababu udongo wake umechanganywa na mchanga au vigae vilivyotwangwa, na ufa unaoanza hukwama kwenye chembe hizo. Kauri ngumu ya oveni haina nafasi hiyo. Isiwekwe kamwe juu ya gesi au makaa, na isitolewe kwenye friji ikaingizwa kwenye oveni yenye moto. Iache kwanza ifikie joto la chumba, au ianze na oveni ikiwa baridi. Hata chungu chenyewe kiwe na kimiminika ndani kabla ya moto kuongezeka, na ukihitaji kuongeza maji katikati ya pishi, yawe ya moto. Kwenye jiko la gesi weka bati nene katikati ya moto na kitako. Ukiepua, kitue juu ya ngata, mbao au kitambaa kikavu kilichokunjwa, si juu ya vigae vya sakafu vyenye majimaji.

Wanaopalia makaa juu ya mkungu ili kuokea mkate wa mayai au wa kumimina wafanye mambo mawili: mkungu uwe mkavu kabisa, na makaa yaanze machache ya pembeni kabla ya kujazwa katikati. Kabla ya kufunua, futa majivu kwa kitambaa kikavu kuelekea nje, la sivyo ukingo wa mkungu utayamwaga yote juu ya mkate.

Shombo, sabuni na ukungu

Shombo la samaki lililong'ang'ania hupungua kwa uchachu, kwa kuwa kinacholeta harufu hiyo ni vitu vya asili ya magadi. Chemsha maji yenye ndimu mbili zilizokatwa kwa dakika kumi, mwaga, suuza kwa maji ya moto, kausha. Chungu kilichokunywa sabuni huchemshiwa maji matupu, yakamwagwa, yakawekwa mengine, hadi yasifanye povu yakikorogwa.

Ukungu wa kijani au mweupe uliotokea stoo uondolewe nje ya nyumba, kwa brashi kavu, pua ikiwa imefunikwa kwa kitambaa. Baada ya hapo paka uji wa bikaboneti, uache nusu saa, sugua kwa maji ya moto, weka juani siku nzima, kisha upashe chombo moto polepole kama kilivyoandaliwa kikiwa kipya. Harufu ya mvundo ikirudi baada ya kukauka na kupashwa, ukungu umeingia ndani kuliko brashi inavyofika, na chungu hicho hakipikiwi tena.

Kuhifadhi na kuacha kutumia

Chombo kihifadhiwe kikiwa wazi, mkungu wake ukiwa pembeni au umegeuzwa juu chini na kuachiwa mwanya, na mdomo ufunikwe kwa kitambaa chepesi cha pamba kuzuia vumbi na mende. Vinavyopangwa kimoja juu ya kingine viwekewe karatasi katikati, vizito chini, na visigusane na ukuta unaopitisha unyevu. Kilichokaa miezi bila kutumika kisuuzwe kwa maji ya moto na kukaushwa kabla ya kurudi jikoni.

Chungu chenye ufa unaofika ndani, hata kama bado hakivuji, kiache kupikia. Ufa hauoshwi, na gundi za dukani si za kuliwa. Kinaweza kutumika kwa maua, au kupondwa na vigae vyake kuwekwa chini ya mche ili maji yasituame. Kile cha glezi yenye shaka ya risasi kisitolewe kwa jirani wala kuachwa bandani kunyweshea kuku, maana risasi hufika kwenye mayai. Kivunjwe, kifungwe, na kipelekwe na takataka zisizooza.